Je, kuna chama cha Kikristo? Jibu kwa mwalimu wa shule ya Jumapili, Kayole

Swali: Bwana asifiwe, mwalimu. Nafundisha shule ya Jumapili katika kanisa letu hapa Kayole. Chama kimoja kimeniomba niwe katibu wake wa wadi kuelekea uchaguzi wa 2027. Mchungaji wangu anasema Mkristo wa kweli hana chama. Shangazi yangu naye anasema kuna chama kimoja tu ambacho aliyeokoka anaweza kuingia, kwa kuwa kinapinga utoaji mimba, na hicho kilichoniita sicho. Je, mafundisho ya Kristo yanapatana na vyama vya siku hizi au la? Tafadhali usiniambie niombe. Nimeshaomba.

Jibu: Asifiwe sana, dada. Nitaanza na shangazi kwa sababu hoja yake ni nyepesi kujibu, kisha nitakuja kwa mchungaji, ambaye ana ukweli nusu na nusu hiyo ni nzito.

Nadhani shangazi ameipata hoja yake kwenye video za wahubiri wa Marekani. Kule, suala la utoaji mimba kweli limegawa vyama viwili vikubwa kwa miaka mingi, na Mkristo wa kule hana budi kujieleza anaposimama upande huu au ule. Hapa kwetu mstari haukupita hapo. Kumbuka kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Baraza la Makanisa, yaani NCCK, na maaskofu Wakatoliki waliipinga Katiba mpya, wakitaja kifungu cha 26 kuhusu uhai na utoaji mimba, na kile cha mahakama za Kadhi. Kibaki wa PNU na Raila Odinga wa ODM, ambao miaka miwili tu nyuma wafuasi wao walikuwa wakiuana, walisimama pamoja upande wa kijani wa Ndiyo. William Ruto, aliyekuwa angali ndani ya ODM, aliongoza upande mwekundu wa Hapana. Ndiyo ikashinda kwa takriban asilimia 67. Kwa hiyo jambo ambalo viongozi wa makanisa walilihesabu kuwa zito kuliko yote lilipita katikati ya vyama. Na kwa kuwa sensa ya 2019 ilihesabu Wakristo kuwa kama asilimia 85 ya Wakenya, ni wazi mamilioni ya waumini walikwenda kinyume na wachungaji wao bila kuhama kanisa.

Isitoshe, sheria yenyewe imefunga mlango huo. Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Waislamu wa Pwani walikwishaonja makali ya katazo la namna hiyo mwaka 1992, chama chao cha Islamic Party of Kenya (IPK) kiliponyimwa usajili. Hata tukiacha sheria kando, wapiga kura wenyewe hawajaonyesha hamu. Mwaka 2022 David Mwaure Waihiga aligombea urais kwa tiketi ya Agano, chama ambacho hata jina lake lanukia Biblia. Alipata kura 31,987, chini ya robo ya asilimia moja. Wale Wakristo asilimia 85 walikuwa kwenye foleni nyingine.

Kwa hiyo mwambie shangazi, kwa heshima zote, kwamba chama anachokitaja kinaweza kuwa kizuri au kibaya, lakini cha Wakristo sicho.

Ila kuna tatizo kubwa zaidi katika swali lako. Unauliza kama mafundisho ya Kristo yanapatana na vyama, na mimi nauliza: chama chenyewe kinafundisha nini? Ruto amepita KANU, ODM, URP, Jubilee na UDA. Uhuru Kenyatta alitoka KANU akaenda TNA, kisha Jubilee. Hayati Raila alikuwa FORD-Kenya, NDP, KANU, LDP, halafu ODM. Sijawahi kusikia yeyote kati yao akieleza ni fundisho gani lililomfanya ahame. Walihama kwa hesabu za kura na za ukanda, na wafuasi wao wakahama nao. Ilani huandikwa miezi michache kabla ya uchaguzi, huzinduliwa kwa sherehe ukumbini, na baada ya hapo hata wabunge wa chama hawaishiki mkononi. Ukitaka kulinganisha Injili na kitu kama hicho, huna pa kuanzia. Unalinganisha imani na orodha ya ahadi.

Haikuwa hivyo siku zote, na hapa nakuomba uvumilie nirudi nyuma kidogo, maana kisa hiki hakisimuliwi inavyostahili. Bildad Kaggia, mmoja wa wale Sita wa Kapenguria waliofungwa na wakoloni pamoja na Mzee Kenyatta, alikuwa mtu wa dini kabla hajawa mtu wa siasa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alianzisha kundi lake la kidini lililojitenga na makanisa ya wamisionari. Uhuru ulipokuja akawa mbunge wa Kandara na waziri msaidizi wa elimu. Akaanza kuuliza maswali yasiyopendeza: kwa nini waliopigania ardhi wauziwe ardhi ileile kwa mkopo? Kwa nini wasiokuwa na kitu wasipewe bure? Ukisoma Walawi 25, ile sura ya yubile, utaona swali hilo ni la zamani kuliko Kenya. Mungu anasema pale kwamba nchi ni yake na watu ni wapangaji tu. Kaggia aliacha kazi ya serikali mwaka 1964. Mwaka 1965 Mzee Kenyatta alikwenda Kandara kwenyewe akamkejeli mbele ya watu wake: wenzako tuliofungwa pamoja wamejipatia mashamba na mali, wewe umejifanyia nini? Mwaka 1966 Kaggia akaingia KPU (Kenya People's Union), chama cha upinzani cha Oginga Odinga, akapoteza kiti, na mwaka 1969 chama chenyewe kikapigwa marufuku.

Ile kejeli ya Kandara inanisumbua hadi leo. Mwaka uliofuata palikuwa na vyama viwili, KANU na KPU, vyenye mafundisho tofauti kweli kuhusu ardhi na mali, na Mkristo angeweza kufungua Biblia akabishana. Lakini swali lililoulizwa hadharani halikuwa kama hoja ya Kaggia ni ya haki. Aliulizwa kwa nini hajajitajirisha. Nenda mkutano wowote wa kampeni wikendi hii, usikilize, utakuta swali hilo lingali hai.

Na hata pale ambapo vyama vina mafundisho, Biblia moja imezaa vyama vingi. Abraham Kuyper, mchungaji wa Kiholanzi, aliunda chama cha Wakalvini mwaka 1879 na akawa waziri mkuu mwaka 1901. Keir Hardie, mchimba makaa ya mawe na mhubiri mlei, alisaidia kuzaa chama cha Labour cha Uingereza. Adenauer, Mkatoliki, alijenga chama cha CDU cha Ujerumani baada ya 1945 kwa kuwaweka Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Jirani yetu Nyerere, mtu wa misa, alitoa Azimio la Arusha mwaka 1967. Hawa wanne wangekaa meza moja wasingekubaliana kuhusu kodi, viwanda wala ardhi. Huwezi kusema mmoja wao alisoma Biblia na wengine hawakusoma.

Ninachokiona mimi ni kwamba Maandiko yanaweka masharti kwa mwenye madaraka yeyote, halafu chama kila mara kinachukua sehemu ya masharti hayo na kuiacha nyingine. Soma Walawi 19:15. Hakimu anaambiwa asimpendelee maskini, wala asimstahi mwenye nguvu. Sasa rudi 2022. Upande mmoja ulituambia huu ni uchaguzi wa mahasla dhidi ya familia za wakubwa, mama mboga dhidi ya waliozaliwa na mali. Upande mwingine ulituomba tuwaamini wazoefu wanaoijua serikali. Aya ile moja inawakosoa wote wawili. Inataka maskini atendewe haki bila kugeuzwa silaha, na mkubwa aheshimiwe kama mtu bila kuogopwa kama mungu. Sijaona ilani inayobeba nusu zote mbili, na sitarajii kuiona.

Soma pia 1 Samweli 8. Watu wanamtaka mfalme, na Samweli anawaonya kwa lugha ya mhasibu: atachukua wana wenu, atachukua mashamba yenu yaliyo mazuri awape watumishi wake, atatoza sehemu ya kumi ya nafaka. Halafu 1 Wafalme 21, Nabothi na shamba lake la mizabibu, ambapo mwenye shamba anauawa kwa hati zilizopigwa muhuri na mashahidi wa uongo. Anayeishi Nairobi hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Wangari Maathai alipokwenda kupanda miti Karura mwezi Januari 1999 akapigwa na walinzi, msitu ule ulikuwa umekwisha kugawiwa watu kwa karatasi zilizoonekana halali.

Sasa mchungaji wako.

Anasema Mkristo wa kweli hana chama. Ningemheshimu zaidi kama angesema kanisa halina chama, maana hapo angekuwa na historia upande wake. Miaka ile ya chama kimoja, walipotawala KANU peke yao, makanisa ndiyo yaliyobaki kuwa sauti. NCCK ilipinga kura ya mlolongo, ile iliyotumika 1988, ambapo mpiga kura alisimama hadharani nyuma ya mtu wake na chifu akimtazama. Tarehe 1 Januari 1990 mchungaji Timothy Njoya alihubiri St Andrew's hapa mjini kwamba tawala za chama kimoja zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki zitaanguka na huku pia. Askofu Henry Okullu akadai vyama vingi. Askofu Alexander Muge alitishiwa na waziri kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Alikwenda, na tarehe 14 Agosti 1990 akafa kwa ajali ya barabarani akirudi. Hawa hawakuwa wakitafuta kiti. Ndiyo maana watu waliwasikiliza.

Halafu ikaja 2007, na makanisa yakagawanyika kama siasa ilivyogawanyika. Wachungaji walitabiri ushindi wa mtu wa kwao, wakabariki wagombea, wakaombea ukanda. Vurugu zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo wakateketea. Mwezi Februari NCCK iliomba taifa msamaha kwa kuwa viongozi wake walikuwa wameegemea pande. Hiyo ndiyo nusu ya ukweli aliyonayo mchungaji wako, na ikiwa anazungumza akiikumbuka Kiambaa, mwache azungumze.

Lakini muulize jambo moja. Mheshimiwa akija Jumapili, hufanyika nini? Picha ni ileile kila mtaa. Ibada imefika kwenye matangazo, magari matatu meusi yanaingia uani, wazee waliokaa mstari wa mbele wanasimama na kusogezwa nyuma, kwaya inakatizwa ubeti wa pili. Mheshimiwa anapewa kipaza sauti, anasalimu kwa jina la Yesu, anawashambulia mahasimu wake kwa dakika ishirini, kisha anatoa bahasha ya pesa za mabati ya paa. Mchungaji anamwekea mikono. Mahubiri yenyewe yanapewa muda uliobaki. Kanisa linalofanya hivyo kisha linamwambia mwalimu wa shule ya Jumapili asiwe na kadi ya chama limeruhusu siasa kuingia kwa mlango mkubwa na kuikataza kwa ule mdogo.

Wapo waliofunga ule mkubwa. Mwezi Septemba 2021, siku Askofu Rose Okeno alipowekwa wakfu Butere, Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana, Jackson Ole Sapit, aliwanyima wanasiasa waliohudhuria nafasi ya kuhutubu. Na kisa cha pili kilitokea hapo hapo kwenu. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki kuikosoa serikali kwa utamaduni wa uongo, Rais Ruto alihudhuria misa katika kanisa la Soweto na kutoa mchango uliozidi shilingi milioni 5, nyingine taslimu na nyingine ahadi. Kesho yake Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, akaagiza fedha zirudishwe. Linganisha na Machi 2025 kule Roysambu, ambako kanisa la Jesus Winner Ministry liliahidiwa na Rais milioni 20 na Jumapili iliyofuata vijana wakajaa barabarani kuzuia ibada. Vijana hao si wapagani. Wengi walilelewa katika shule za Jumapili kama unayofundisha, na hasira yao ilitoka huko huko.

Kwa hiyo tofauti ninayoitaka wewe na mchungaji mwione ni hii: kasisi na mimbari wasiwe na chama, muumini anaweza kuwa nacho. Sheria ya Kanisa Katoliki inasema hivyo kwa mapadre, kwamba kwa kawaida wasishiriki kwa vitendo katika vyama, na haiwazuii walei. Kifungu cha 38 cha Katiba kinakupa haki ya kujiunga na chama, kukiandikishia wanachama na kukifanyia kampeni. Na Yesu mwenyewe alimweka Simoni Zelote, mtu wa kundi lililotaka Warumi wang'olewe, karibu na Mathayo, mtoza ushuru wa enzi ya Warumi. Hakuwaambia wakubaliane kwanza. Kama kanisa lenu lingeiga hilo, ungekuta katibu wa UDA na ajenti wa ODM wakigawana kitabu cha nyimbo, na hakuna ambaye angeona ajabu.

Ninakushauri ukubali kazi, kwa masharti. Mafundisho ya Kristo yatakugusa mahali usipopatarajia. Ilani ya chama haitakusumbua sana. Kitakachokusumbua ni daftari. Katibu wa wadi huandikisha wanachama: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Chama kinachotaka usajili kamili kinapaswa kuonyesha wapiga kura wasiopungua 1,000 katika kila kaunti kati ya zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47, na hata baada ya hapo kila mgombea wa mchujo anataka orodha nono upande wake. Siku moja mratibu atakupigia jioni akitaka majina mia kabla ya asubuhi. Utakuwa na simu za wazazi wa watoto unaowafundisha. Utakuwa na daftari la kikundi cha akina mama, lenye nambari zote za vitambulisho. Hivyo ndivyo Wakenya wengi walivyojikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Ukiandika jina moja bila mwenyewe kukubali, umeshuhudia uongo, na hapo amri ya tisa inatosha. Huhitaji mtaalamu.

Jambo la pili ni fedha ya siku ya mchujo. Itaitwa nauli, chai, au ya kuwawezesha vijana. Mtu anayelipwa nauli halisi kwa kazi halisi hana kosa. Mia mbili mia mbili zinazogawiwa nje ya lango la kituo ni rushwa, na Kutoka 23:8 inaeleza inachofanya: huwapofusha waonao. Mwambie mwenyekiti mapema, kabla hujapewa cheo, kwamba hutagawa. Akikasirika umejua mapema pia. Akikubali, mwombe aseme mbele ya kamati nzima, kwa sababu maneno ya watu wawili ofisini husahaulika mwezi wa kura.

Kuhusu wapinzani wenu, sina maneno mengi. Utatumwa ueneze picha na sauti kwenye vikundi vya WhatsApp. Usisambaze usichokijua kuwa kweli, hata kama kinamhusu mtu unayeamini ni mbaya.

Shule ya Jumapili usiiache, isipokuwa kanisa lenu lina kanuni kwamba mwenye wadhifa wa chama hujiuzulu kazi za kanisa. Uliza, na kama ipo uitii bila kununa. Kama haipo, fundisha, ila fulana ya chama ibaki nyumbani na mheshimiwa asikutumie kupata nafasi ya kusalimia watoto. Mchungaji aelezwe uamuzi wako na wewe mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajausikia kwa wengine.

Na kabla ya yote hayo, ingia kwenye eCitizen, upande wa huduma za Msajili wa Vyama, uangalie kama jina lako halimo tayari katika chama kingine. Sheria haikuruhusu kuwa wa vyama viwili. Ukilikuta, jiuzulu huko kwanza kwa maandishi na uweke nakala.